Kabla Hujabishana Kuhusu Josh Gibson, Jifunze Kugawanya

Mei 29, 2024, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, ilifungua daftari lake la rekodi na kubadilisha jina lililokuwa juu kabisa. Kwa miongo mingi, mtu aliyeshikilia wastani bora zaidi wa kupiga mpira katika historia alikuwa Ty Cobb, mzungu kutoka jimbo la Georgia, kwa 0.367. Siku hiyo alishuka hadi nafasi ya pili. Juu yake akaketi Josh Gibson, mtu mweusi aliyezaliwa Georgia hiyo hiyo, kwa 0.372.

Sasa sikia hii. Gibson hakuwahi kucheza hata mechi moja ya MLB. Alifariki Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35. Miezi mitatu baadaye, Aprili 15, Jackie Robinson akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, mchezaji mweusi wa kwanza kuruhusiwa katika ligi hiyo katika karne ya 20.

Tangu mabadiliko hayo kutangazwa, kelele hazijaisha. Upande mmoja unasema haki imetendeka, japo imechelewa. Upande wa pili unasema siasa zimeingizwa kwenye hesabu, ati Gibson alicheza mechi chache mno akilinganishwa na Cobb. Mijadala kama hii hutufikia hata sisi huku kupitia simu, na wasee wengi huchukua upande kabla ya kuuliza hiyo 0.372 ni nini hasa. Ni asilimia? Ni pointi? Kwani mtu anayepata 0.372 si amefeli?

Leo tuichambue pole pole. Huhitaji kujua kucheza besiboli. Unahitaji simu yenye kikokotoo na dakika kumi. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza na hakuna hesabu hapa iliyonishinda, kwa hivyo hata wewe utatoboa.

Kwa ngapi?

Tuanze na kitu cha nyumbani. Mwaka wa 2020 Michael Olunga alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japan akiwa na Kashiwa Reysol, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Je, mabao 28 ni mengi? Kabla ya kujibu, uliza: kwa mechi ngapi? Alicheza mechi 32. Chukua 28 ugawanye kwa 32, unapata 0.875. Karibu bao moja kila anapoingia uwanjani. Noma.

Sasa chukulia kuna mshambuliaji mwingine aliyefunga mabao 28 lakini kwa mechi 90. Mabao ni yale yale, ila 28 kugawanya kwa 90 ni 0.311. Huyo ni mchezaji tofauti kabisa.

Namba ya juu ndiyo watu hupigia kelele. Namba ya chini, ile unayogawanya nayo, ndiyo inakuambia kama kelele hizo zina maana. Ukishika hilo, umeshika nusu ya takwimu zote za besiboli.

Wastani wa kupiga

Mchezo wenyewe uko hivi. Kuna mrushaji anayerusha mpira kwa kasi, na kuna mpigaji anayesimama na rungu la mbao akijaribu kuupiga. Uwanja una bezi nne zilizopangwa kama umbo la almasi. Mpigaji akiupiga mpira vizuri na kufika bezi ya kwanza salama kwa nguvu ya pigo lake, hilo ni pigo safi. Akidakwa, au mpira ukitangulia kufika bezi kabla yake, ametolewa.

Wastani wa kupiga ni mapigo safi kugawanya kwa zamu rasmi za kupiga. Basi. Ukisimama mara 10 na ukapata mapigo safi matatu, wastani wako ni 0.300. Wamarekani huacha sufuri ya mbele wanapoandika, lakini maana haibadiliki.

Hapo ndipo watu wetu huchanganyikiwa. Shuleni ukipata 30 kwa 100 unaitwa ofisini na mzazi. Katika besiboli, anayefaulu mara tatu kwa kumi ni staa na analipwa kama staa. Kupiga mpira mdogo unaokuja kwa zaidi ya kilomita 140 kwa saa, halafu kukwepa watu tisa wanaokuwinda, ni kazi ngumu kiasi hicho.

Mwanahabari Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akiripoti kriketi, ndiye anayetajwa sana kama aliyeiletea besiboli utamaduni wa kuandika na kuhesabu kila kitu katika karne ya 19. Kwa hivyo kama unaikumbuka Kenya ya kriketi, ile iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka wa 2003, tayari una jamaa wa karibu wa hesabu hii. Tofauti ni kwamba katika kriketi unagawanya mikimbio kwa idadi ya mara ambazo mtu ametolewa. Katika besiboli unagawanya mapigo safi kwa zamu.

Siku ambayo nukta ilikuwa na uzito

Kuona jinsi hesabu hii inavyoweza kumkosesha mtu usingizi, twende hadi Septemba 28, 1941. Ted Williams wa Boston Red Sox alikuwa amebakisha siku moja ya msimu. Mpaka hapo alikuwa na mapigo safi 179 kwa zamu 448. Gawanya mwenyewe: 0.39955. Ukikadiria hadi nafasi tatu za nukta, hiyo ni 0.400, kiwango ambacho wapigaji huota maisha yao yote.

Kocha wake alimpa nafasi ya kukaa nje. Akikaa, rekodi inabaki. Akicheza na mambo yaende vibaya, imeenda. Williams akacheza, tena mechi mbili mfululizo siku hiyo hiyo huko Philadelphia. Mechi ya kwanza alipata mapigo manne kwa zamu tano. Ya pili, mawili kwa tatu. Jumlisha: 179 na 6 ni 185, 448 na 8 ni 456. Weka 185 kugawanya kwa 456 kwenye simu: 0.406. Tangu mwaka huo hakuna mchezaji yeyote wa ligi mbili zinazounda MLB aliyemaliza msimu akiwa na 0.400.

Lakini angalia kitu kingine kuhusu mwaka huo. Leo, mpigaji akirusha mpira juu kwa kina, akadakwa, lakini mwenzake aliyekuwa bezi ya tatu akapata nafasi ya kukimbia nyumbani na kufunga, hilo huitwa pigo la kafara na halihesabiwi kwenye zamu rasmi. Mtu ameisaidia timu, hawezi kuadhibiwa. Sheria hiyo iliondolewa baada ya msimu wa 1939 na haikurudi hadi 1954. Kwa hivyo mwaka wa 1941, kila pigo la kafara la Williams liliandikwa kama kufeli.

Unaona mchezo ulipo? Kugawanya ni kugawanya, hakuna mtu anayeweza kulibadilisha hilo. Kinachobadilika ni watu wanachoamua kuingiza kwenye namba ya chini. Kumbuka hilo, tutalihitaji tukirudi kwa Gibson.

Witt ama Judge?

Wastani wa kupiga una udhaifu mkubwa: unachukulia kila pigo kuwa sawa, na kuna mambo ya maana hauyaoni kabisa. Tuchukue msimu wa 2024 katika American League. Bobby Witt Jr wa Kansas City Royals alipata mapigo safi 211 kwa zamu 636. Hiyo ni 0.332, wastani bora katika ligi hiyo. Aaron Judge wa New York Yankees alipata mapigo 180 kwa zamu 559, yaani 0.322.

Ukitazama hapo pekee, utasema Witt ndiye mkali zaidi. Lakini tuzo ya mchezaji bora ilienda kwa Judge, na wapiga kura wote walimweka wa kwanza. Kwani waliona nini?

Kwanza, mrushaji akimwogopa mpigaji, anaweza kurusha mipira minne nje ya eneo halali, na mpigaji anapewa bezi ya kwanza bure. Pia akigongwa na mpira uliorushwa, anapewa bezi. Mambo haya hayaingii kwenye wastani wa kupiga, si juu wala chini. Ni kama hayakutokea. Lakini timu ina mtu kwenye bezi, na mchezo wote ni kufika bezi bila kutolewa.

Ndiyo maana kuna kiwango cha kufika bezi. Juu unaweka mapigo safi, bezi za bure na mara alizogongwa. Chini unaweka zamu rasmi, bezi za bure, mara alizogongwa na mapigo ya kafara. Judge mwaka huo alikuwa na bezi za bure 133, akagongwa mara 9, na mapigo ya kafara 2.

Juu: 180 + 133 + 9 = 322.
Chini: 559 + 133 + 9 + 2 = 703.
Jibu: 322 kugawanya kwa 703 ni 0.458.

Witt alikuwa na 0.389. Yaani kwa kila mara 100 waliposimama kupiga, Judge alifika bezi kama mara saba zaidi. Yule aliyekuwa nyuma sasa yuko mbele, na mbali.

Pili, kuna nguvu. Pigo linalokufikisha bezi ya kwanza na homurani, ule mpira unaotoka nje ya uwanja na kukuzungusha bezi zote nne, kwenye wastani wa kupiga vyote ni pigo moja. Hiyo ni sawa na kusema noti ya shilingi 100 na ya 1,000 ni sawa kwa sababu zote ni noti. Kiwango cha nguvu hurekebisha hapo kwa kuhesabu bezi. Pigo la bezi moja ni 1, la bezi mbili ni 2, la bezi tatu ni 3, homurani ni 4. Kisha unagawanya kwa zamu rasmi.

Mapigo 180 ya Judge yalikuwa 85 ya bezi moja, 36 ya bezi mbili, 1 la bezi tatu na homurani 58.

85 + 72 + 3 + 232 = bezi 392.
392 kugawanya kwa 559 ni 0.701.

Witt alikuwa na 0.588. Ukijumlisha kiwango cha kufika bezi na kiwango cha nguvu unapata kile Wamarekani hukiita OPS. Judge: 0.458 na 0.701 ni 1.159. Witt: 0.389 na 0.588 ni 0.977. Kwa kawaida OPS ikivuka 0.900 huyo ni mchezaji hatari. Ikivuka 1.000, warushaji huanza kusali.

Wote wawili walikuwa moto mwaka huo. Lakini ukiulizwa nani alikuwa bora, jibu lilitegemea umechagua kuhesabu nini.

Mwafrika mwenye 1.000

Kuna jambo moja limebaki kabla ya kurudi kwa Gibson. Aprili 26, 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia uwanjani na Pittsburgh Pirates, akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa Afrika kucheza MLB. Zamu yake ya kwanza kabisa, mbele ya Jon Lester wa Chicago Cubs, akapata pigo safi. Moja kugawanya kwa moja. Wastani wa 1.000. Kwa dakika chache hizo, hakuna binadamu aliyekuwa na wastani mkubwa kuliko wa Ngoepe.

Je, alikuwa mpigaji bora katika historia? Ebo! Alimaliza msimu huo na mapigo 12 kwa zamu 54, sawa na 0.222. Kufika kwake pale bado ni jambo kubwa kwa bara hili, ila 1.000 ile ilikuwa ya zamu moja.

Namba ya chini ikiwa ndogo, kila tukio moja linaivuruga. Ukiwa na zamu 10, pigo moja la ziada linapandisha wastani wako kwa 0.100. Ukiwa na zamu 500, pigo hilo hilo linakupandisha kwa 0.002 tu. Ndiyo maana ligi huweka kima cha chini. Kushindania taji la wastani bora wa msimu lazima uwe umesimama kupiga mara 3.1 kwa kila mechi ya timu yako. Kwa msimu wa kawaida wa mechi 162, hiyo ni mara 502.

Na kama wewe ni wa mikeka, hapa ndipo pesa zako huenda. Mechi nyingi za MLB huchezwa kuanzia kama saa nane usiku kwa saa zetu, wakati hakuna mpira mwingi wa kubetia, na unaambiwa fulani amepata mapigo matano kwa zamu zake kumi za mwisho, yuko moto, weka. Hiyo 0.500 ni ya zamu kumi. Kumi zinazofuata akipata mawili, jumla inakuwa 7 kwa 20, yaani 0.350, na wewe umebaki na simu isiyo na salio. Aliyekuonyesha zile kumi pekee alijua anachofanya.

Sasa turudi kwa Gibson

Tangu miaka ya 1880 hivi hadi 1947, MLB iliwafungia wachezaji weusi nje. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa, walielewana tu. Kwa hivyo Waamerika weusi wakaunda ligi zao, zinazojulikana kama Negro Leagues. Gibson alichezea Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, na mwaka wa 1972 aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa besiboli. Kipaji chake hakikuwa siri. Kilichokosekana ni jina lake kwenye daftari.

Na daftari halikumsahau kwa bahati mbaya. Mwaka wa 1969 kamati maalum iliamua ni ligi zipi za kihistoria zinafaa kuitwa ligi kuu. Ikazikubali sita, ikiwemo Union Association, ligi iliyodumu msimu mmoja tu, 1884, kisha ikafa. Negro Leagues hazikukubaliwa hata moja.

Desemba 2020 ndipo MLB ikatangaza kwamba ligi saba za weusi, za kati ya 1920 na 1948, zilikuwa ligi kuu. Ikachukua zaidi ya miaka mitatu ya watafiti kupekua magazeti ya zamani na karatasi za matokeo, chini ya kamati iliyoongozwa na mwanahistoria rasmi wa ligi hiyo, John Thorn, kabla ya namba zenyewe kuingizwa Mei 2024. Zaidi ya wachezaji 2,300 wakapata nafasi yao. Willie Mays, aliyefariki mwezi mmoja tu baadaye, aliongezewa mapigo safi 10 aliyopiga mwaka wa 1948 akiwa kijana wa Birmingham Black Barons, akafika 3,293. Jackie Robinson akaongezewa 49, akafika 1,567.

Gibson akachukua rekodi tatu kubwa za maisha. Wastani wa kupiga: 0.372 dhidi ya 0.367 ya Cobb. Kiwango cha nguvu: 0.718 dhidi ya 0.690 ya Babe Ruth. OPS: 1.177 dhidi ya 1.164 ya Ruth huyo huyo. Wastani wake wa 0.466 wa mwaka wa 1943 nao ukawa rekodi ya msimu mmoja, mbele ya 0.440 ya Hugh Duffy ya mwaka wa 1894.

Wanaolalamika wana hoja?

Tuwe wakweli, wana nusu ya hoja. Kima cha chini cha maisha kwa wachezaji wa Negro Leagues kiliwekwa zamu 1,800, wakati Cobb alisimama zaidi ya mara 11,000. Fanya hesabu hii. Tuchukue mtu aliye pale pale kwenye kima cha chini, mapigo 670 kwa zamu 1,800. Wastani wake ni 0.372. Mwondolee mapigo tisa, abaki na 661. Sasa ana 0.367. Mapigo tisa katika maisha yote ndiyo tofauti kati ya wa kwanza na wa pili. Gibson alikuwa na zamu zaidi ya hizo 1,800, lakini picha ni hiyo: pengo la 0.005 ni jembamba, na mtu akisema halithibitishi kwamba Gibson alikuwa mpigaji bora kuliko Cobb, hajakosea.

Ila hoja hiyo ina nusu ya pili ambayo wengi huiruka. Zamu za Gibson zilikuwa chache kwa nini? Ratiba za Negro Leagues zilikuwa fupi kwa sababu timu nyingi hazikuwa na viwanja vyao wala pesa za kutosha. Zilipata riziki kwa kuzunguka mji hadi mji zikicheza mechi za maonyesho ambazo leo hazihesabiwi. Bamba la Gibson kwenye ukumbi wa heshima linazungumzia karibu homurani 800 ukijumlisha mechi za kila aina. Za ligi zilizopatikana kwenye kumbukumbu hazifiki 200. Umefungia mtu mlango, halafu unamwambia hajaingia mara za kutosha?

Tena mlango ulifungwa pande zote mbili. Cobb alicheza 1905 hadi 1928 na Ruth 1914 hadi 1935 bila kukutana kwenye ligi na mrushaji hata mmoja mweusi. Satchel Paige, mmoja wa warushaji wakali zaidi waliowahi kuishi, aliingia MLB mwaka wa 1948 akiwa na miaka 42. Ukisema namba za Gibson zina shimo kwa sababu hakukutana na wote waliokuwa bora, basi za Cobb na Ruth zina shimo lile lile. Tofauti ni kwamba shimo lao hakuna aliyewahi kuliuliza.

Na kuhusu misimu mifupi, mwaka wa 2020 wakati wa korona MLB ilicheza mechi 60 tu. DJ LeMahieu alichukua taji la wastani bora wa American League kwa mapigo 71 kwa zamu 195, yaani 0.364. Taji lake ni rasmi, na hakuna aliyelifuta. Thorn mwenyewe alisema msimu huo ndio uliowafanya wafikirie upya kuhusu misimu mifupi ya Negro Leagues.

Kuna wale wanaodai namba za zamani za wazungu ni safi. Hata hiyo 0.367 ya Cobb ina doa. Mwaka wa 1981 iliripotiwa kwamba mechi yake moja ya 1910 iliandikwa mara mbili, ikampa mapigo mawili ambayo hakuyapiga mara ya pili. Wakuu wa ligi wakati huo walikataa kubadilisha. Ndiyo maana ukitafuta leo utakuta vyanzo vingine vinamwandikia 0.366.

Hukumu yangu? Gibson anastahili kuwa juu ya orodha, na wewe unastahili kuisoma orodha hiyo ukijua zamu zilizo nyuma yake. Mambo haya mawili hayapigani. Anayekuambia uchague moja anataka ushangilie, hataki uhesabu.

Kwa nini tujali tukiwa huku

Machi 2025, ukurasa kuhusu utumishi wa kijeshi wa Jackie Robinson uliondolewa kwenye tovuti ya wizara ya ulinzi ya Marekani, katika msako wa kufuta mambo yaliyohusishwa na sera za kujumuisha watu wote. Watu wakapiga kelele, ukarudishwa. Mtu mashuhuri kama Robinson, mwenye jezi nambari 42 iliyostaafishwa na ligi nzima, aliweza kufutwa kwa kubonyeza tu. Sasa fikiria wale wasiojulikana. Kumbukumbu za Negro Leagues zilizopatikana ni takriban robo tatu tu ya mechi zote. Robo nyingine iko kwenye magazeti yaliyooza au haikuandikwa kabisa, na ndani yake kuna mapigo ya watu ambao hatutawahi kuwajua.

Kwa hivyo kila ukirushiwa namba, iwe ya besiboli, ya mkeka au ya mwanasiasa anayekuambia ajira zimepanda, uliza maswali matatu. Kwa ngapi? Nani aliamua kinachoingia kwenye hesabu? Na ni nani hakuhesabiwa kabisa?

Gibson alisubiri miaka 77 baada ya kifo chake ili swali la tatu lijibiwe. Mapigo yenyewe yalikuwepo muda wote. Mtu fulani alihitaji tu kukaa chini na magazeti ya zamani na kuanza kujumlisha.